Rula ya Add-A-Quarter na aina tatu za karatasi, baada ya dira tisa za kanga

Rula ya Add-A-Quarter ni kipande cha plastiki chenye urefu wa inchi 12, kisicho na skrubu wala sehemu yoyote inayosogea, na mtu asiyeshona viraka juu ya karatasi anaweza kuiona sawa na rula ya shule. Tofauti yake imejificha upande wa chini, ambako ukingo mmoja una mdomo mdogo uliochomoza kwa urefu wote, na kutoka kwenye mdomo huo hadi ukingo wa kukatia ni robo inchi kamili. Nimeitumia kwa miezi minne, pamoja na aina tatu za karatasi, kushona mfarishi wa mtoto kutokana na kanga alizonipa shangazi yangu. Naandika tathmini hii kwa sababu maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa kwa ajili ya washonaji wa Marekani na Uingereza wanaotumia vitambaa vya huko, nayo hayasemi lolote kuhusu kanga, ambayo ina tabia zake chini ya sindano na chini ya pasi.

Ushonaji wa viraka juu ya karatasi kwa cherehani hufanyika hivi. Mchoro huchapwa kwenye karatasi, na kila sehemu yake hupewa namba kwa kufuata mpangilio wa kushona. Kitambaa cha sehemu ya kwanza huwekwa upande wa karatasi usiochapwa, uso wake ukiwa nje, na kushikizwa kwa pini au kwa tone la gundi ya kijiti. Kitambaa cha pili hulazwa juu yake, uso kwa uso, kisha karatasi hugeuzwa na mshono hupitishwa juu ya mstari uliochapwa kati ya namba moja na namba mbili. Kitambaa kilichozidi hukatwa mpaka ibaki akiba ya robo inchi, kile cha pili hufunuliwa na kupigwa pasi, na kazi huendelea hivyo hadi namba ya mwisho. Kwa kuwa fundi hufuata mstari wa karatasi badala ya ukingo wa kitambaa, ncha nyembamba ambayo kwa njia ya kawaida ingeyumba au kumezwa na mshono wa jirani hutoka kali kama ilivyochorwa.

Kuna njia nyingine ya karatasi, ya mkono na ya zamani zaidi, ambayo inachanganywa mara kwa mara na hii. Katika njia hiyo kila kiraka, ambacho mara nyingi huwa na pembe sita, hukunjwa kuzunguka karatasi yake na kushonwa bandi, kisha viraka huunganishwa ukingo kwa ukingo kwa mishono midogo ya mkono. Katika mkusanyo wa Quilters' Guild ya Uingereza, chama cha washonaji wa mifarishi, limo tandiko la viraka vya hariri lililoshonewa herufi E na H na mwaka 1718, na karatasi zake bado zimo ndani baada ya zaidi ya miaka 300. Naitaja kwa heshima, kwa kuwa nayo huiachia karatasi kazi ya kulinda umbo, lakini rula ninayoizungumzia haina kazi huko.

Mchoro niliouchagua ni dira ya baharia, duara lenye miale 16 yenye ncha kali, lenye upana wa inchi 10, likiwekwa katikati ya mraba wa bafta nyeupe. Kila dira niliigawa katika karatasi nane, kila karatasi ikibeba miale miwili. Sijui mchoro mwingine unaofichua makosa upesi kuliko huu, kwa sababu katikati ya duara mishono yote hukutana, na kosa la uzi mmoja kwenye kila karatasi hujikusanya hadi duara likatae kulala bapa. Mfarishi wote utakuwa na dira 12. Hadi sasa nimemaliza tisa, tatu kwa kila aina ya karatasi.

Nianze na rula. Kazi yake ni ile hatua ya kupunguza kitambaa. Baada ya kushona mstari na kufunua kiraka, karatasi hukunjwa nyuma kwenye mstari unaofuata, mdomo wa rula husukumwa hadi ugote kwenye ukingo wa karatasi iliyokunjwa, na kisu cha gurudumu hupitishwa kando ya rula. Kinachobaki ni robo inchi, bila kupima na bila kuchungulia. Uzuri ulionishangaza ni kwamba kitambaa kilichokatwa hivyo hubaki na ukingo ulionyooka unaolingana na mstari unaofuata, kwa hiyo kiraka kipya hulazwa kwa kufuata ukingo huo na hakuna haja ya kukisia mahali pa kukiweka. Kabla ya kuwa na rula hii nilikuwa nikishona kiraka, nikikifunua, nikigundua kwamba kimepungukiwa kwenye ncha, kisha nikikifumua. Kufumua mshono mfupi wa namna hii ni adhabu, nami nilikuwa nikifumua kiraka kimoja katika kila vitano. Katika dira tatu za mwisho nimefumua mara mbili tu.

Wapo watakaosema kwamba rula ya kawaida yenye alama ya robo inchi inatosha. Inatosha kwa mtu anayekata mara kumi. Dira moja ina mikato zaidi ya hamsini, na macho yanayolenga alama nyembamba mara hamsini chini ya taa ya jioni huchoka na kuanza kukosea, ilhali mdomo wa plastiki unaogota kwenye karatasi hauchoki. Vipimo vya inchi havikunisumbua, kwa sababu futi ya fundi ina inchi upande mmoja na mafundi wetu wengi hukata kwa inchi hata wanapouziwa kitambaa kwa mita.

Rula hii pia ipo katika urefu wa inchi 6. Niliwahi kuiazima hiyo ndogo kwa mwenzangu, nayo ni nyepesi mkononi na haigongani na vitu mezani, lakini kwa mwale mrefu hulazimika kusogezwa katikati ya mkato, na hapo ndipo kisu huteleza. Anayenunua moja tu achukue ya inchi 12. Asiye na kisu cha gurudumu na mkeka wake asikate tamaa: nimejaribu kugotesha rula vilevile, nikachora mstari kwa chaki ya mafundi na kukata kwa mkasi, na matokeo yalikuwa safi, ila kazi ilichukua karibu mara mbili ya muda. Gharama kubwa haikuwa rula yenyewe bali usafirishaji wake, kwa hiyo ni busara wenzako kadhaa wakaagiza pamoja.

Sasa karatasi, ambayo ndiyo iliyonichosha na kunifundisha zaidi. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya kawaida ya kurudufia, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ile inayouzwa kila duka la steshenari. Kwa kuchapia haina mpinzani: mistari hutoka myeusi, karatasi haikwami kwenye printa, na hubaki bapa hata baada ya kupigwa pasi mara nyingi. Shida hujitokeza mwishoni, wakati wa kuichana. Ni nene na ina nguvu, na ili iachie inabidi kuvuta, na kuvuta huko hulegeza mishono ya pembeni ambayo bado haijashikwa na kiraka kingine. Katika dira yangu ya kwanza, uzi kwenye ncha nne ulilegea kiasi cha kuonekana kwa mbele. Dawa niliyoipata ni kupitisha sindano tupu isiyo na uzi juu ya mistari ya nje kabla ya kuchana, kukunja karatasi kwenye mshono mara mbili, huku na huku, na kushikilia mishono kwa ukucha wa kidole gumba wakati wa kuvuta. Dira ya tatu ilitoka nzuri, lakini kuchana karatasi zake nane kulinichukua muda mrefu kuliko kuzishona.

Karatasi ya pili ilikuwa ile maalumu, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hii na kuuzwa katika pakiti ya karatasi 100. Ni laini, nyembamba, haina mng'ao, na huchanika kwenye matundu ya sindano kana kwamba ilikuwa ikisubiri kuambiwa. Mshono haulegei hata kidogo. Niliipenda tangu karatasi ya kwanza, na sina jambo baya la kusema juu ya ubora wake. Ninalotaka msomaji alijue kabla ya kulipa ni kwamba niliyoipata imekatwa kwa kipimo cha Marekani, yaani inchi 8.5 kwa 11, ambacho ni kipana kidogo na kifupi kuliko A4. Trei ya printa hubidi irekebishwe, na programu ya kuchapa hubidi iambiwe kipimo hicho, vinginevyo itajirekebishia mchoro yenyewe bila kukuuliza.

Hilo la kurekebisha mchoro lilinigharimu dira nzima, ingawa lilitokea kwenye karatasi ya kawaida. Nilipeleka faili kwenye duka moja la kuchapa, na kijana aliyenihudumia, kwa nia njema, aliacha mpangilio wa kuulazimisha mchoro uenee kwenye ukurasa. Mraba wa majaribio uliopaswa kuwa na inchi moja, yaani milimita 25.4, ulitoka na milimita 24. Tofauti hiyo kwenye mraba mmoja haionekani kwa jicho, ila kwenye duara la inchi 10 inazidi nusu inchi, na duara langu likawa dogo kuliko tundu nililokuwa nimelikatia kwenye bafta. Tangu siku hiyo sitoki dukani kabla ya kuupima mraba wa majaribio kwa rula, na humwomba anayechapa aweke ukubwa wa asilimia 100. Nawasihi wote wanaoanza wafanye hivyo, kwa kuwa hakuna ustadi wa kushona unaoweza kurekebisha mchoro uliokwisha kupunguzwa.

Karatasi ya tatu nilikutana nayo kwa bahati, nilipokuwa nafungua glasi nilizonunua Kariakoo. Ni ile karatasi ya kijivujivu ya magazeti, isiyochapwa kitu, ambayo wauza vyombo huitumia kufungia bidhaa zinazovunjika. Nikaomba kuuziwa furushi, nikaipiga pasi kavu hadi ikanyooka, nikaikata kwa kipimo cha A4. Kwa kuichana inakaribia sana ile karatasi maalumu, na kwa bei haifananishwi nayo hata kidogo. Ina udhaifu wake. Hukwama kwenye printa ikiingizwa nyingi kwa pamoja, kwa hiyo mimi huingiza moja moja. Hupasuka ikikunjwa mara nyingi kwenye mstari uleule, jambo ambalo rula inalihitaji. Na katika kila kumi huwa na moja au mbili zenye tundu au donge. Lakini dira tatu nilizoshona juu yake zimelala bapa, ncha zake zote 48 zimetimia, na hakuna mshono uliolegea. Nasisitiza neno isiyochapwa. Gazeti la kawaida lililosomwa huhamishia wino wake kwenye bafta mara pasi inapopita, na wino huo hautoki.

Nilijaribu pia karatasi angavu ya kunakilia michoro, kwa kipande kimoja tu. Kuona kitambaa kupitia karatasi ni raha kubwa, lakini ilijikunja kwa joto la pasi ya kanga, ambayo lazima iwe na moto, nami sikuendelea nayo.

Kuhusu kanga zenyewe yapo mengi ya kusema, na naona ndiyo yatakayomfaa msomaji wa hapa. Kanga mpya ina wanga mwingi wa kiwandani na husinyaa inapofuliwa, kwa hiyo lazima ifuliwe kabla ya kukatwa, na nyekundu ifuliwe peke yake mara kadhaa na kujaribiwa kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Za shangazi zilikuwa zimekwisha kufuliwa kwa miaka, laini kama ngozi ya mtoto, na ulaini huo ulikuwa tatizo lake lenyewe, kwa sababu kitambaa kilicholegea huvutika kinapokatwa mshazari. Nilizirudishia ugumu kwa wanga wa muhogo uliochanganywa mwepesi, nikazipiga pasi zikiwa na unyevu kidogo, na baada ya hapo hazikuvutika tena. Karatasi ndiyo inayobeba sehemu iliyobaki ya kazi hiyo, kwa kuwa mradi iko nyuma ya kiraka, mshazari hauna pa kwenda. Ndiyo sababu siichani mpaka vipande vyote vinavyopakana viwe vimeunganishwa.

Zipo kanga zenye mchanganyiko wa poliesta, nazo hazifai kwa kazi hii, kwani hujikunja kwa moto wa pasi na hukataa kushika mkunjo. Kama una shaka, chomoa nyuzi chache na kuziwasha: za pamba huungua na kuacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, na za poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Katika kanga 12 za shangazi mbili zilishindwa jaribio hilo, nami nilimrudishia.

Kwenye kukata viraka, nimeona kwamba pindo lina thamani kuliko mji. Mji wa kanga huwa na mchoro mkubwa, korosho au nanasi au maua mapana, na ukiukata vipande vya upana wa inchi mbili hubaki madoa yasiyoeleweka. Pindo limejaa vijimchoro vidogo vinavyojirudia, vinavyotoshea ndani ya mwale mwembamba na kuonekana kama vimechorewa hapo. Miale yote mirefu nimeikata kwenye mapindo, na miji nimeitumia kwa miale mifupi na kwa duara dogo la katikati. Jina la kanga sikulikata kamwe. Majina kumi nimeyahifadhi kamili, na nitayaunganisha mwisho kwa mwisho kuzunguka mfarishi, likitangulia lile la kanga aliyoipenda shangazi kuliko zote, lisemalo Nani kama mama.

Machache kuhusu cherehani. Sindano namba 90/14 hutoboa tundu kubwa linalosaidia karatasi kuachia, na urefu wa mshono uwe milimita 1.5, kwenye cherehani za zamani za miguu, ambazo huhesabu mishono kwa inchi, hiyo ni kama mishono 17. Karatasi hufifisha ncha ya sindano upesi, kwa hiyo sindano iliyoshona karatasi isirudishwe kwenye nguo. Pasi ipigwe kavu, bila mvuke, na kwa upande wa kitambaa, kwa sababu wino wa mashine ya kurudufia huyeyuka ukiguswa na pasi yenye moto na kushikamana na chochote kilicho karibu.

Kosa moja zaidi linahusu anayetaka kushona herufi. Kitambaa hukaa nyuma ya karatasi, kwa hiyo kinachotoka ni kinyume cha kilichochapwa, kama sura katika kioo. Kwa dira hilo halina athari, maana miale inafanana pande zote. Nilipoanza herufi ya kwanza ya jina la mtoto, ambayo ni R, nilisahau kabisa, nikaishona kwa saa mbili, nikaigeuza na kuikuta imeelekea kushoto. Mchoro wa herufi lazima ugeuzwe kwenye kompyuta kabla ya kuchapwa, au ufuatishwe kwa penseli upande wa pili wa karatasi kwenye kioo cha dirisha chenye mwanga.

Kwa hukumu yangu, rula ya Add-A-Quarter inastahili fedha yake na ya usafirishaji kwa yeyote anayekusudia kushona zaidi ya kipande kimoja au viwili kwa njia hii. Hakuna kifaa kingine, ukiondoa pasi, kilichobadilisha kazi yangu kiasi hicho, na kama ingenibidi kuchagua kati yake na pakiti mbili za karatasi maalumu, ningeichukua rula bila kusita. Karatasi ya kurudufia naipendekeza kwa mazoezi na kwa michoro yenye vipande vikubwa, ambako kuchana si kazi ngumu. Karatasi maalumu ni bora kuliko zote, lakini kwa mfarishi mzima wa karatasi 96 sioni sababu ya kuiagiza kutoka mbali wakati ya kufungia vyombo inafanya takribani yote inayofanya ile.

Dira tatu zilizobaki nitazishona juu ya karatasi ya kufungia vyombo, na furushi lingine nimekwisha kulinunua. Karatasi sabini na kitu za ile pakiti nimezitenga kwa ajili ya herufi za jina, kwa sababu herufi ina vipande visivyozidi upana wa ukucha, na kwenye vipande hivyo karatasi inayoachia yenyewe ndiyo pekee ninayoiamini kutong'oa mshono.